2,147,483,647: namba moja, sifa mbili zinazochanganywa

Kuna namba ambayo huibuka pale mtu asipoitarajia. Mcheza gemu anakusanya sarafu za mchezoni mpaka zinagoma kuongezeka, akiangalia zimesimama kwenye 2,147,483,647. Mwandishi wa programu anakutana nayo katikati ya ujumbe wa hitilafu. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba wamelazimika kubadilisha kihesabio chao, kwa sababu video ya Psy, msanii wa Korea Kusini, ilikuwa inatazamwa mara nyingi kuliko kihesabio cha zamani kilivyoweza kuhesabu. Na kila yanapozuka mazungumzo kwamba kompyuta zitachanganyikiwa mwaka 2038, namba ni hiyohiyo.

Kwa macho haina mvuto. Inafanana na namba ya simu ya mtu usiyemjua. Huenda ndiyo sababu watu wameitungia maelezo: kwamba ni msimbo wa siri, kwamba ndiyo namba kubwa kabisa ambayo kompyuta inaweza kuijua, kwamba wahandisi waliichagua makusudi kwa kuwa ni namba tasa. Dai hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nusu yake ni kweli. Namba hii ni tasa. Lakini kompyuta hazikuichukua kwa utasa wake, na mtu akishatenganisha mambo hayo mawili, mengine yote yanafunguka.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno machache. Kigawo cha namba ni namba inayoigawanya bila kuacha baki: vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Husemwa mara nyingi kwamba namba tasa "haigawanyiki", na usemi huo unapotosha. Saba unaweza kuigawa kwa mbili ukapata tatu na nusu. Usichoweza ni kupanga vitu saba katika safu zilizo sawa, isipokuwa safu moja ya saba au safu saba za kimoja kimoja. Kumi na mbili zinapangika tatu kwa nne, mbili kwa sita, saba hazikubali. Na kipeo kinaonyesha namba inajizidisha mara ngapi: 2³ ni 2 × 2 × 2, yaani 8.

Namba yetu yenyewe inasomeka hivi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Wanaohesabu kwa laki watasema hapo katikati laki nne na themanini na tatu elfu. Ni kitu kilekile.

Punje za mwezi mmoja

Chukua mwezi wenye siku 31 na gunia tupu. Siku ya kwanza tia punje moja. Siku ya pili tia mbili, ya tatu nne, ya nne nane, kila siku maradufu ya jana. Jioni ya siku ya kwanza gunia lina punje 1, ya pili 3, ya tatu 7, ya nne 15. Siku ya kumi zimefika 1,023, kiasi ambacho bado unaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Siku ya ishirini ni 1,048,575. Siku ya 31 unatia punje 1,073,741,824 kwa mkupuo mmoja, na jumla ya gunia inakuwa 2,147,483,647 kamili.

Ndiyo asili yake yote. Haikuokotwa popote.

Angalia jumla za kila jioni: 1, 3, 7, 15. Kila moja imepungukiwa na punje moja tu kufikia zile utakazotia kesho yake. Sababu yake inaonekana ukiazima punje moja kabla ya kuanza. Moja ya kuazima na moja ya siku ya kwanza ni 2. Ongeza 2 za siku ya pili, zinakuwa 4. Ongeza 4, zinakuwa 8. Kila jioni gunia linajikunja maradufu bila mabaki, na baada ya siku 31 lina punje 2³¹. Rudisha ile ya kuazima, unabaki na 2³¹ − 1. Andiko hilo fupi, 2³¹ − 1, ndilo jina halisi la namba hii. Tarakimu zake kumi ni vazi tu ililovishwa na mazoea yetu ya kuhesabu kwa kumi.

Swichi na mita ya gari

Kompyuta huhesabu kwa swichi ambazo kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Swichi moja huitwa biti. Ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kuendelea, kama zile siku za mwezi. Namba yoyote hupatikana kwa kuwasha swichi zinazofaa: 5 ni ya 4 na ya 1, 6 ni ya 4 na ya 2. Ukitaka kujaribu, tumia vidole: kila kidole kikiwa swichi, mikono miwili inafika 1,023 badala ya kumi. Swichi 31 zote zikiwashwa, unapata punje zote za mwezi. Kwa hiyo 2,147,483,647 ni moja zilizoandikwa 31 mfululizo, bila sifuri hata moja kati yake.

Mashine nyingi kwa miaka mingi zilitenga biti 32 kwa kila namba nzima. Kwa nini basi 31? Kwa sababu kuna namba hasi pia, na lazima zipate nafasi. Fikiria mita ya gari inayohesabu kilomita. Ikiwa imeandika 000000 nawe ukairudisha nyuma hatua moja, itaonyesha 999999. Unaweza kukubaliana na nafsi yako kwamba 999999 isomwe kama −1, 999998 isomwe kama −2, hadi nusu ya duara iwe ya namba hasi. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Biti 32 zina mipangilio 4,294,967,296. Nusu yake ni ya hasi, kuanzia −1 hadi −2,147,483,648, na nusu nyingine ni ya sifuri na namba chanya. Sifuri imekula nafasi moja upande wa chanya, ndiyo maana mwisho wa juu ni 2,147,483,647 na si 2,147,483,648.

Ukiongeza 1 pale mwisho, mita inavuka mpaka na kutua upande wa pili wa duara, kwenye hasi kubwa kabisa. Mtu mwenye sarafu bilioni mbili anajikuta anadaiwa bilioni mbili. Baadhi ya programu huzuia kihesabio kisivuke, ndiyo maana kwenye gemu nyingine sarafu husimama tu.

Suala la mwaka 2038 linatoka hapohapo. Mifumo mingi huhifadhi saa kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku chache, nazo zinatimia tarehe 19 Januari 2038, saa tisa na dakika 14 na sekunde 7 usiku kwa saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia. Sekunde inayofuata, kifaa kinachohesabu kwa biti 32 kitasoma tarehe ya Desemba 1901. Hofu kwamba kompyuta zote zitazimika siku hiyo haina msingi: mashine nyingi za leo huhesabu muda kwa biti 64, na hizo zinatosha kwa takriban miaka bilioni 292. Wasiwasi wa haki uko kwenye vifaa vya zamani vilivyofungwa ndani ya mitambo na ambavyo hakuna anayevikumbuka kuvisasisha.

Na hapana, hiyo siyo namba kubwa kabisa ambayo kompyuta inaijua. Ni mwisho wa chombo cha ukubwa fulani, kama debe lilivyo na ujazo wake. Maji yakizidi unatafuta pipa. Oktoba 2024 mradi wa kusaka namba tasa uitwao GIMPS ulitangaza namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, nayo ilihesabiwa na kompyuta. Hata hiyo si "namba kubwa kuliko zote" kama ilivyosambazwa na wengi. Ni kubwa kuliko zote zilizojulikana kuwa tasa wakati huo. Kwamba namba tasa hazina mwisho, Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Utasa ni jambo jingine

Sasa dai la tatu. Kama wahandisi walitaka namba tasa, wangeridhika vipi na vyombo vingine? Kabla ya biti 32, chombo cha kawaida kilikuwa cha biti 16, na mwisho wake wa juu ni 2¹⁵ − 1, yaani 32,767. Hiyo ni 7 × 31 × 151. Chombo cha biti 64 kinaishia kwenye 2⁶³ − 1, nayo inagawanyika kwa 7. Zote mbili si tasa, na zinafanya kazi bila tatizo. Kompyuta inafika 2³¹ − 1 kwa sababu swichi zimeisha. Kwamba mahali hapo pana namba tasa ni bahati ya namba 31.

Bahati hiyo ina sehemu inayoelezeka. Andika 2¹⁵ − 1 kwa swichi: moja kumi na tano mfululizo. Kwa kuwa 15 ni 3 × 5, unaweza kuzikata mafungu ya tatu tatu: 111 111 111 111 111. Kila fungu la 111 ni 7 kwa hesabu yetu ya kawaida, kwa hiyo namba nzima imejengwa kwa saba na lazima igawanyike kwa 7. Vivyo hivyo moja 63 zinakatika tatu tatu. Moja zikikatika mafungu sawa, utasa haupo. Moja 31 hazikatiki, kwa sababu 31 yenyewe ni tasa.

Hapa watu wengi huteleza na kuhitimisha kwamba ukiwa na kipeo tasa basi 2 kwa kipeo hicho toa 1 ni tasa. Sivyo. Kipeo tasa kinafungua mlango tu. Hakimhakikishii mtu kiti ndani. Chukua 11: 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89. Namba za aina hii zilizofaulu huitwa namba tasa za Mersenne, kwa heshima ya Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha ya vipeo vyake mwaka 1644. Orodha yake iliiweka 31 sawasawa, lakini iliingiza 67 na 257 visivyostahili na kuruka 61, 89 na 107. Namba hizi zilikuwa ngumu kiasi hicho.

Kabla yake, mwanahisabati Pietro Cataldi wa Bologna alikuwa amedai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliangusha viwili: 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Katika miaka ya 1730 mwanahisabati Leonhard Euler aliangusha 29, kwa kuonyesha kwamba 233 ni kigawo. Ilibaki 31 peke yake, bila uthibitisho wala pingamizi.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1772, kwa Euler huyohuyo, sasa mzee anayeishi St. Petersburg na akiwa karibu kipofu kabisa. Njia aliyoitumia naiona kuwa moja ya kazi safi kabisa za hesabu, na haihitaji zaidi ya kugawanya.

Kuthibitisha utasa kwa nguvu tupu ni kujaribu kila namba tasa ndogo uone kama inagawanya bila baki. Huna haja ya kufika mbali: vigawo huja wawili wawili, na katika kila jozi mmoja hauzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kuzigawanya zote kwa kalamu, kwenye namba ya tarakimu kumi, bila kukosea hata mara moja, ni adhabu.

Euler alijua kwamba nyingi haziwezi kuwa vigawo hata kwa bahati. Tazama 7. Anza na 1, zidisha kwa mbili kila mara, na kila ukipita 7 chukua baki tu: 1, 2, 4, kisha 8 inabaki 1. Umerudi ulipoanza baada ya hatua 3. Fermat aligundua kwamba kwa namba tasa yoyote isiyo 2, mzunguko huu daima una urefu unaogawanya namba hiyo ukiipunguza moja: 3 inagawanya 6. Sasa tuseme kuna namba tasa inayogawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwayo inabaki 1, yaani ukizidisha kwa mbili mara 31 unarudi ulipoanza. Mzunguko wake basi ni hatua 31 au kigawo cha 31, na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi ulio halali. Kwa hiyo 31 lazima igawanye namba hiyo ukiipunguza moja. Na kwa kuwa namba hiyo ni witiri, ukiipunguza moja unapata shufwa, yaani inagawanyika kwa 2 na kwa 31 pamoja. Matokeo: kigawo chochote tasa cha namba yetu ni kigawe cha 62 (yaani 62, 124, 186 na kuendelea) ukijumlisha 1.

Jaribu kanuni hiyo kwenye 2,047 uone inavyoshika: kipeo ni 11, mara mbili yake 22, na vigawo vyake 23 na 89 ni 22 + 1 na 88 + 1. Ile 47 ya Fermat ni 46 + 1, na 233 ya Euler ni 58 × 4 + 1. Hakuna aliyebahatisha.

Kuna sharti la pili, ambalo uthibitisho wake ni mrefu zaidi: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti mawili, zinabaki namba za aina mbili tu, vigawe vya 248 ukijumlisha 1, au vigawe vya 248 ukijumlisha 63. Chini ya 46,341 hazizidi 373, na nyingi kati ya hizo zinaondoka zenyewe kwa kuwa si tasa. Euler alipitia zilizosalia. Hakuna iliyogawanya. Kwa miongo mingi hakukuwa na namba tasa kubwa zaidi iliyothibitishwa.

Majirani, na kazi iliyokuja baadaye

Kinachonishangaza zaidi ni majirani zake. Mbele yake kuna 2,147,483,648, ambayo haina kigawo tasa kingine chochote isipokuwa 2, iliyojirudia mara 31. Nyuma yake kuna 2,147,483,646, ambayo imejaa: 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ndiyo maana ukiigawanya namba yetu kwa 3, kwa 7, kwa 9, kwa 11 au kwa 31, daima inabaki 1. Inakosa kugawanyika kwa hatua moja tu, kila mara.

Wagiriki wa kale walikuwa na sababu yao ya kuzipenda namba za aina hii. Namba timilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3. Euklidi alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba timilifu moja. Yetu, ukiizidisha kwa 2³⁰, inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa itakayowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi zinavutia tu bila faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na kwa hiyo ikapatikana namba timilifu kubwa zaidi kwa mbali.

Hata suala la faida lilijibiwa. Kompyuta huhitaji namba zinazoonekana kama za kubahatisha, na mbinu moja iliyotumika sana tangu 1969 ni rahisi: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647 na uchukue baki. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kadhalika. Hapa, tofauti na kwenye vihesabio, utasa ndio unaofanya kazi. Kwa kuwa namba ni tasa na kizidisho kimechaguliwa vizuri, mfululizo unapita namba zote 2,147,483,646 zilizopo kabla ya kujirudia. Kwa usalama wa siri haufai, kwa sababu ukijua namba moja unajua zote zinazofuata.

Kuna swali moja ambalo anayefika hapa huliuliza: je, ukiifanya namba hii yenyewe kuwa kipeo? Mlango uko wazi, maana kipeo ni tasa. Namba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 toa 1 ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Huwezi kuijaribu kwa kuigawanya kwa kila namba tasa. Lakini kanuni ya Euler inasema kigawo chake chochote lazima kiwe kigawe cha mara mbili ya kipeo ukijumlisha 1, kwa hiyo unazipima hizo tu, moja baada ya nyingine. Chukua mara mbili ya 2,147,483,647, izidishe kwa 68,745, ongeza 1. Unapata 295,257,526,626,031, nayo inaigawanya bila baki.